Nywele za Mama Mbula

Batoto, siku ya yenga, ile ya kanisa, mulikuja hapa kwangu Rughenda, mukaniuliza ginsi mutu anatia macho mu kamutu ka muti pasipo mukono kutetemeka. Nilibaambia mukunywe kwanza chai. Mukakunywa, mukaenda, na macho sikubaonyesha. Kweli ni hii: mukono wangu sasa unatetemeka, sikutaka muuone. Donc nimeomba mujukuu kaye moja ya masomo, naandika. Miye nilikomea mwaka wa ine wa primaire, basi maneno yangu yatakwenda pembeni mara na mara. Hapana kusikitika. Mbuzi naye anakwenda pembeni, mais anajua kamba yake imefungwa wapi.

Miye njo Kakule wa tumutu. Mu Butembo kila nyumba yenye ilizaa batoto banaume bane iko na Kakule wake, tuko bengi kama maharagi mu gunia. Mais ukisema Kakule wa tumutu, hata ku Beni bale bakubwa batakuonyesha njia ya kunifikia. Hiyo jina ya tumutu sikuipewa na baba yangu. Niliitafuta na kaburashi ka manyoya ya sikio la mbuzi.

Kamutu (tukiwa twingi, tumutu), kwa ule hajakaona, ni kamuti ka duara, karefu kama kidole cha katikati, na kichwa kama tunda dogo juu yake. Hakana mikono, hakana miguu. Mikono unaitia na rangi, nguo unaitia na rangi, hasira ama huruma unaitia na rangi. Kazi yote iko pale: kufanya muti usio na mukono ushike mukuki.

Kalianza hivi. Muzee Paluku, mwenye alinifundisha kazi, alikuwa seremala na mupaka rangi pamoja. Alikataa kabisa musumari mu kitanda. Alisema, "Musumari unalia, na mwanamuke aliyeolewa jana hataki kitanda kinacholia." Basi sisi tulikuwa tunaunganisha kitanda na shevili, tule tumiti twa kuingiza mu tundu, tuliotengeneza na mashini ya kuzungusha mbao, ile ya kukanyaga na muguu. Shevili zilikuwa zinajaa mu kikapo.

Wakati ule vita ilikuwa imefunga njia ya Kisangani, na Muhindo, mutoto wa jirani, mwanafunzi wa univerisite, akabaki kwetu pasipo masomo. Alikuwa na kaye yenye aliandika muchezo wa mbali. Mu ule muchezo, kila mutu anachagua kuwa mutu mwingine: muganga, mupiganaji wa joka, mwizi mwenye roho nzuri, mufalme mwenye alipoteza inchi yake. Muhindo anasimulia: "Muko mbele ya pango, moshi unatoka. Munafanya nini?" Na weye unajibu, si kama weye, unajibu kama ule mutu wako. Kisha kete inaamua kama ulifanikiwa. Batu bakauita muchezo wa kuwa mwingine. Na mu ile myaka, nambieni, nani mu Butembo hakutaka kuwa mwingine hata kwa saa mbili?

Tulikuwa tunacheza mu ateliye, nyumba ya kazi ya Muzee Paluku, siku ya yenga, kisha misa kwa Bakatoliki, kisha ibada kwa Baprotestanti. Kila mutu alikuwa na haragi moja pa meza, ya kuonyesha pale ule mutu wake alipo. Siku moja kuku ya Muzee Paluku ikaruka pa meza, ikameza mufalme.

Muhindo akasema mufalme amekufa. Mwenye mufalme akasema hapana, kuku haiko mu muchezo. Bakagombana mpaka jua likageuka. Miye nikaona uchovu, nikakamata shevili moja mu kikapo, nikaipaka taji na ndevu nyeupe, nikaiweka pale. Nikasema, "Huyu, kuku haiwezi kumumeza." Bote bakainama kukaangalia. Kisha ule wa mwizi akasema, "Papa Kakule, na wangu?"

Njo vile nilianza. Kuku njo ilinipa kazi.

Balikuja ba kila namna. Mwanamuke mufanya biashara wa samaki za chumvi alitaka kuwa malkia mwenye upanga, mais na kitambaa chake kile kile cha kichwa, "juu hata malkia anaona baridi." Kijana mumoja mwembamba kama fimbo alitaka mupiganaji mwenye kifua kipana, nikamwambia shevili zote ziko na kifua kimoja, achague rangi. Pasta wa muji wetu alikuja kuangalia kama ni masanamu ya kuabudu. Akageuza-geuza, akavaa miwani, akavua, akauliza polepole kama ninaweza kumutengenezea mukubwa wa jeshi la malaika, mwenye kipara kama chake. Nilitengeneza.

Na asikari. Mumoja aliingia na bunduki yake, akasema na lingala, "Vieux, salela nga moko." Muzee, unitengenezee kamoja. Nikafikiri ataomba jenerali. Nikakamata rangi ya nyota. Akasema hapana. Alitaka mwalimu wa primaire, na chaki mu mukono, na koti. Nilimutengenezea mwalimu, nikamutia na vumbi ya chaki ku mukono wa koti, nukta tatu nyeupe za mwiba wa ndimu. Aliangalia zile nukta muda murefu, akakaweka mu mufuko wa kifua, akaenda. Mukumbuke huyu, atarudi.

Sasa kazi yenyewe. Muti: grevilea, hapana eukaliptisi. Eukaliptisi ni mwongo. Leo inanyooka, wiki ijayo shingo imepasuka na mupiganaji wako anaangalia mugongo wake. Mbele ya rangi, unapaka pemba nyeupe, ule udongo kama chokaa, yenye imechanganywa na uji wa muhogo, unaacha ikauke, unasugua na jani kavu. Kisha unapiga musumari kadogo chini ya kamutu, unaupanda mu kiazi kibichi. Kiazi cha Masereka, kile kigumu cha baridi, juu kile cha bonde kinalegea na kamutu kanainama kama mulevi. Kiazi njo kinakuwa mukono wako wa kushoto: unageuza kiazi, hugusi rangi. Macho yanakuja mwisho, na mwiba wa ndimu, hapana burashi. Unavuta pumuzi, unaizuia, unagusa, unagusa, unaachilia pumuzi. Jicho la kushoto kwanza kama unatumia mukono wa kuume. Nimewajibu sasa.

Rangi yetu ilikuwa ile ya mafuta, ya milango. Wakati wa amani tulikuwa tunaichanganya na esanse, ile ya motokari, inakauka mbele ya chai kupoa. Mu vita esanse ikapotea, tukachanganya na petrole ya taa. Na petrole, rangi inakauka kama mutu mwenye hataki kuamka. Siku nzima, wakati wa mvua hata mbili.

Njo hapo sheria ya Muzee Paluku. Alikuwa na moja tu, mais alikuwa anaisema kama amri ya Mungu: "Kazi haipiti mulango ingali mbichi." Na miye nilijua gharama yake, juu mbele ya kuanza tumutu nilikuwa napaka masanduku ya maiti. Nilikuwa kijana wa haraka. Kuna muzee mumoja aliyefariki, familia ikataka sanduku ya bleu, bleu ya Mama Maria. Nikapaka asubui, nikawapa asubui ile ile. Banaume sita bakabeba. Mu kanisa padri akasema tupeane amani. Bale sita bakapeana amani na ndugu zao, ndugu na banamuke zao, banamuke na batoto. Tulipotoka inje, parokia nzima ilikuwa na mikono ya bleu. Wiki mbili mu soko, ukinunua nyanya kwa mama mwenye kidole cha bleu, unajua: huyu alizika. Muzee Paluku hakunipiga. Alinipeleka kwa ile familia, nikaomba pole mbele ya mujane, naye mujane mwenyewe alikuwa na shavu la bleu.

Basi. Sasa nafika ku Kavira.

Kavira alikuwa infirmière, muuguzi wa bagonjwa, binti wa Mama Masika pale karibu na soko. Alikuwa mu muchezo tangu maharagi. Mutu wake alikuwa muganga anayeita mvua, jina lake Mama Mbula. Nilimutengeneza na kitenge cha majani, na kapu ya dawa mugongoni, na nywele za kusuka. Kavira akapata kazi ku Beni, mu dispansere moja. Beni si mbali, kilomita makumi matano na kidogo, mais wakati ule ile barabara siku moja ilikuwa barabara, siku nyingine ilikuwa ukuta. Akalia kuacha muchezo kuliko kuacha nyumba yao.

Muhindo akapata mawazo. "Atacheza na barua," akasema. "Na Papa Kakule atatengeneza Mama Mbula wa pili."

Nikatengeneza. Mumoja alibaki pa meza yetu, mumoja akaenda na Kavira. Na tukaweka desturi: kila kitu kinachomufikia Mama Mbula mu muchezo, nakitia ku yote mbili. Akipigwa mukuki, kale ka Beni kanarudi na shofere wa kamio ya mizigo, natia kovu jekundu ku kake na ku ka kwetu, kanaenda tena na barua ya Muhindo inayoeleza. Ndugu zangu, hakuna mutu aliweza kusema huyu ni wa kwanza na huyu ni wa pili. Hata Muzee Paluku aliweka tumutu tubili mbele yake, akageuza-geuza, akasema, "Hm." Kwake "hm" ilikuwa medali.

Siku moja Mama Mbula akaingia mu pango la joka kutafuta dawa. Kete ikakataa. Muhindo akasema, "Joka limempulizia moto. Ni muzima, mais nywele zimeungua zote. Papa Kakule, mutoe nywele."

Nikafanya ile kazi na furaha yote. Kichwa cha kahawa, laini, na mwanga kadogo juu, pale jua lingegusa. Sijawahi kufanya kichwa kizuri vile. Nikaacha tumutu tubili tukauke muzuri, siku mbili, nikafunga kale ka Beni mu karatasi na barua ya Muhindo, nikampa shofere. Kale kangine nikakaweka pa dirisha. Nilikuwa najisifu mwenyewe mu roho.

Kesho yake, saa moja ya asubui, Muzee Paluku, mwenye hakuwa mu ateliye siku zile, akaingia, akaona dirisha, akavua kofia.

"Nani amefariki?" akasema.

"Hakuna, Muzee."

"Huyu mwanamuke amenyolewa."

"Ni moto, Muzee. Ni joka."

Akaniangalia. "Na mwenzake ametumwa wapi?"

Niliposikia ile neno, nikaelewa. Kwetu mwanamuke ananyolewa kichwa kwa jambo moja: kufiwa. Na Mama Masika, mama ya Kavira, alikuwa anakohoa tangu mwezi. Kavira alijua, kila barua alikuwa anauliza. Nikasema, "Mais kuna barua, barua inaeleza." Muzee Paluku akasema, "Basi omba barua ifike."

Nikakimbia ku foni, ile redio ya kusemea ya bafanya biashara. Ule wa foni akaita Beni, Beni ikatuma mutu ku dispansere. Tukangoja. Ikaja sauti ya mwanamuke, mwenzi wa kazi wa Kavira, inapasuka-pasuka.

"Barua hakukuwa, Papa. Ku bariere ya asikari balikamata barua zote za shofere, kale kamuti bakakaacha. Kavira aliangalia kichwa, akakaa chini. Hakulia. Alfajiri ameondoka ku miguu."

"Mulimuacha?"

"Tulimwambia, mama yako pengine ni muzima, ngoja. Akatuangalia tu. Papa, weye ni wa kwetu. Unajua."

Nilijua. Na ninyi munajua, mais naandika juu ya ule atasoma mbali. Kwetu mutu akifiwa akiwa mbali, hatumwambii mu njia. Tunamwambia: mama ana homa kidogo, anakuuliza, kuya polepole. Tunamuchunga asianguke barabarani. Kwa hiyo neno zuri mu njia njo neno baya lenyewe. Ningetuma batu kumi kumwambia mama yako ni muzima, angelia mara kumi. Na barabara ile asubui ilikuwa ukuta: foni ilisema bunduki zinalia mu bonde chini ya Kabasha, ule mulima wa katikati ya njia, bariere imefungwa pande zote mbili, na batu benye haraka banapita kanjia ka chini, mu bonde kule kule. Mutu anayekwenda kumuzika mama yake, hiyo njo haraka yenyewe.

Nikaenda kwa Mama Masika. Alikuwa anachagua maharagi, anakohoa. Nikamweleza yote, nimesimama kama mutoto wa masomo.

Akasema, "Kumbe umeniua, Kakule."

"Ni rangi, Mama."

"Na sanduku yangu uliipaka bleu?"

Akaweka maharagi pembeni. Alikuwa mwanamuke mufupi, mwenye macho yanayokuona mpaka mugongo. Akasema, "Ukimwambia niko muzima hataamini. Miye mwenyewe singeamini. Kwenda kule siwezi, kifua hiki kitanilaza njiani, na njo hapo utakuwa umeniua kweli. Leta kale kangine. Leta na vitu vyako."

Nikaleta kamutu ka dirishani, kamepandwa mu kiazi, na rangi nyeusi, na mwiba wa ndimu. Akauliza unashika ginsi gani. Nikamwonyesha. Akavuta pumuzi, akaizuia pasipo kuambiwa, banaosuka banajua.

Kisha akasuka. Na mwiba, mu kichwa kadogo kama tunda. Mustari wa kwanza ulianza ku sikio la kushoto, ukapita juu, ukashuka. Wa pili. Wa tatu. Wa ine akaufikisha nusu, akaacha.

"Maliza, Mama," nikasema. Ni seremala aliyesema vile, mwenye hapendi kazi nusu.

"Umeisha," akasema. "Kavira tangu mutoto hakukubali wa ine. Kila mara ananitoroka hapo. Alikwenda masomo na mistari mitatu na nusu mpaka akakua."

"Mais rangi haitakauka, Mama. Tuna petrole tu. Ni mpaka kesho."

"Na miye kesho yako naifanyia nini?"

Nikapita mulango na kazi mbichi. Muzee Paluku alikuwa amesimama inje, ananishikia kinga yangu, ile baiskeli ya Wachina. Aliangalia kiazi, aliangalia rangi inavyong'aa. Akashika tu kiti cha nyuma cha kinga, akanisukuma.

Nimepanda kinga myaka mingi, nimebeba milango, nimebeba kitanda cha batu babili. Hakuna muzigo ulinipa taabu kama kile kiazi. Mukono mumoja ku usukani, mukono mumoja umenyooshwa mbele na Mama Mbula juu yake, mu ukungu, mu matope. Ku milima nilishuka nikasukuma na kifua. Batu balikuwa banasimama kuniangalia. Mutoto mumoja akaita mama yake: "Kuya uone muzee anatembeza kiazi." Sikuwa muzee wakati ule. Nilizeeka mu ile njia.

Ku bariere ya Kabasha asikari batano, kamba imekata barabara. Mumoja akacheka: "Papa, ozokende wapi na mbala wana?" Unakwenda wapi na kile kiazi. Nikasema ni ya mutu kule ngambo. Akanyoosha kidole kugusa kale kamutu. Nikarudisha kiazi nyuma haraka, nikasema, "Hapana gusa. Rangi ni mbichi." Mutu haambii asikari hapana gusa. Uso wake ukabadilika.

Mwingine aliyekuwa anakaa ku jiwe akasimama. Akafungua mufuko wa kifua, akaonyesha benzake kitu, katikati ya vidole vyake. Koti, chaki, nukta tatu nyeupe.

"Tika ye aleka," akasema. "Ye nde asalaki nga molakisi." Mumwache apite, ni yeye alinifanya mwalimu.

Kamba ikainuliwa.

Ngambo ile kulikuwa batu kama soko, banakaa ku mizigo yao, banangoja. Pembeni, pale kanjia kanaanza kushuka mu eukaliptisi, batu sita walikuwa banajifunga mizigo, tayari kushuka. Kavira alikuwa mu sita. Alikuwa amekaza kitenge, viatu mu mukono. Aliponiona, hakukimbia kwangu. Aliniangalia kama mutu anangoja kupigwa.

"Papa Kakule. Mumekwisha kumuzika?"

Neno lolote ningesema lingekuwa homa-kidogo, kuya-polepole. Nikanyoosha tu mukono na kiazi.

Alikakamata. Akaangalia kichwa. Bale batano bakamwita, "Mademoiselle, tunaenda," yeye akabaki anaangalia. Akageuza kiazi, vile tunageuza. Kisha akaweka kidole gumba juu ya nywele, na miye, Mungu anisamehe, miye nilitaka kupiga kelele, juu kazi ya mutu ni kazi ya mutu.

Kidole kikatoka cheusi. Akakisugua na kingine. Akakinusa.

"Hii ni ya leo," akasema.

"Ya saa tatu ya asubui."

Akaangalia tena, karibu na jicho. "Wa ine ni mufupi."

"Amesema unamutoroka."

Hapo njo alilia. Akakaa chini mu matope na kitenge chake kizuri, kiazi mu mapaja, analia na anacheka. Bale batano bakashuka mu kanjia, mwanamuke mumoja akageuka mara moja kutuangalia, kisha miti ikabafunika. Kisha Kavira akauliza, "Anakohoa bado?"

"Anakohoa na ananitukana."

"Basi ni yeye," akasema.

Tulingoja pale siku ile na usiku wake, na kesho yake kamba ikainuliwa kwa batu bote, tukarudi Butembo, yeye amekaa nyuma ya kinga yangu. Kati ya bale batano, batatu balifika. Bale babili sitaandika majina yao, familia zao ziko, na miye nabapungia mukono kila siku ya yenga. Nawaza ule mwanamuke aliyegeuka. Nawaza kama angekuwa na mutu wa kumuletea kiazi.

Mama Masika alimupokea binti yake ku mulango, akamushika kichwa na mikono miwili, kisha akakamata kamutu, akaona alama ya kidole imevuruga mustari wa pili na wa tatu. Akasema, "Nimesuka asubui nzima, na yeye ameharibu tena." Aliishi myaka mingine mingi. Alipofariki ilikuwa amani, na Kavira alinyolewa nywele zake za kweli, na hakuna mutu alihitaji kumuficha kitu.

Batoto, tangu siku ile, mbele ya kubadilisha kichwa cha kamutu nauliza: nani atakaona, na atakaona peke yake? Ninyi pia muulize. Rangi inasema hata pale barua imekamatwa. Hii ni sheria yangu, naiweka pembeni ya ile ya Muzee Paluku. Nimetengeneza tumutu mpaka macho yakachoka, twangine tuko Beni, twangine tulivuka na batu mpaka Kampala, na sioni aibu ya hata kamoja. Mais ukiniuliza ile kazi najisifia, nitakupeleka kwa Kavira. Kako ku kabati yake, na nywele zilizovurugwa, na mistari ya kidole gumba imekauka mu rangi, unaweza kuihesabu. Mufundi mumoja wa leo alimwambia anaweza kukasafisha. Kavira alimufungulia mulango wa inje.

Muzee Paluku alikaona tena mara moja tu, wiki ile tuliporudi. Alikaweka karibu na dirisha, akageuza, akagusa kichwa na ukucha. Nikangoja anikumbushe sanduku ya bleu.

"Kalipita mulango kangali kabichi," akasema.

"Ndiyo, Muzee."

Akageuza tena, akaona mustari wa ine, ule mufupi.

"Hm," akasema.